Picha ipo kwenye laptop, seva inasema haipo

Mkuu, hapo shida ni herufi kubwa. Ulibadilisha Nembo.png kuwa nembo.png ukiwa kwenye Windows, Windows ikaona ni faili lilelile, Git nayo (programu inayotunza matoleo ya faili zako) ikanyamaza. Kwa hiyo kwenye hifadhi ya Git (repository) bado limeandikwa Nembo.png. Seva yako ni Linux, na kwake hayo ni majina mawili tofauti, ndiyo maana kwako picha inafunguka na kule inatoa 404, yaani faili halikupatikana.

Fungua Git Bash, dirisha la kuandikia amri za Git, uandike `git ls-files | grep -i nembo`. Jina litakalotokea ndilo linalokwenda kwenye seva, si lile unaloliona kwenye folda. Kisha badilisha jina ndani ya Git yenyewe kwa `git mv Nembo.png nembo.png`, halafu `git commit` na `git push` kama kawaida. Ikiwa ni folda nzima, pitia jina la katikati maana moja kwa moja huwa inagoma: `git mv Picha picha2`, halafu `git mv picha2 picha`.

Kuna watakaokuambia uweke core.ignorecase, mpangilio unaoiambia Git isijali herufi kubwa na ndogo, iwe false. Achana nao. Git huipanga yenyewe kulingana na diski unapoanzisha hifadhi, na mwongozo wake rasmi unaonya kwamba kuigusa kunaweza kuleta mambo usiyoyatarajia. Kwenye Windows unaweza kuishia na faili moja lililosajiliwa mara mbili, na kulisafisha hilo ni kazi kweli. Mac nayo ni hivyohivyo, isipokuwa kama diski yake iliandaliwa kutofautisha herufi.