The Menu si filamu ya mpishi kichaa tu

Mkuu, umeuliza kwa nini The Menu ya 2022 inasifiwa hivyo wakati wewe umeona mpishi kichaa anaua wateja, basi. Nimehudumia meza miaka mingi kwenye hoteli kubwa hapa Dar, nakujibu kutokea huko. Ambao hamjaiona, nataja mpaka mwisho.

Ukichaa wa mpishi huyo, Slowik (Ralph Fiennes), una chanzo. Kumbuka wale mume na mke waliokwisha kula kwenye mgahawa wake wa kisiwani mara 11. Anawaambia wataje chakula kimoja tu walichokula safari iliyopita. Mume anabahatisha aina ya samaki, na samaki mwenyewe siye. Na pale ni dola 1,250 kwa kichwa!

Wateja wa namna hiyo nawajua. Mmoja alikuwa akileta wageni wake wa biashara, anaagiza kambakoche kwa sauti ya kusikika meza ya pili. Sahani inafika inafuka moshi, inapigwa picha, inasukumwa pembeni, stori zinaendelea. Nairudisha jikoni haijaguswa. Mpishi aliyesimama kwenye moto tangu mchana ananiuliza, "Ina kasoro gani?" Haina. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana ile sahani ya mkate isiyo na mkate iliniuma. Wageni wanaletewa michuzi ya kuchovyea peke yake, kwa hoja kwamba mkate ni chakula cha watu wa kawaida na wao si watu wa kawaida. Badala ya kukasirika, mhakiki wa chakula anasifia ubunifu!

Margot, mmoja wa wageni, anaokoka kwa sababu anathubutu kusema bado ana njaa. Anaagiza baga ya jibini, dola 9.95, na Slowik anaipika kwa furaha ambayo hakuionyesha usiku kucha. Irudie sehemu hiyo, utazame uso wake.

Mdau mwingine ametaja filamu ya Triangle of Sadness, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka huohuo. Nayo naipenda, hasa yule mama tajiri anayelazimisha wafanyakazi wote wa meli wakaogelee, wapishi wakiwemo, huku chakula kikiharibika jikoni. Amri za hivyo zipo kweli, na huwezi kukataa. Ila ile inawatazama zaidi matajiri wenyewe. The Menu inawatazama kutokea jikoni, na kwangu mimi ndiyo inayochoma zaidi.