Maswali na Majibu: D Bila Umbali Si Kipimo

*Nimepima mteremko wa Meru kwa kuhesabu visanduku, nikapata dimensheni ya fraktali (D) 1.04. Je, Meru ni laini kiasi hicho? (Sakina, Arusha)*

Hapana, njia ndiyo haiufai mlima. D huonyesha jinsi mikunjo ya mstari inavyozidi kuonekana ukipima kwa hatua ndogo zaidi; mstari ulionyooka una D 1. Kuhesabu visanduku, yaani kufunika mchoro kwa visanduku vya ukubwa mbalimbali na kuhesabu vinavyoguswa na mstari, kunafaa pwani iliyochorwa kwenye ramani, ambako pande zote zina kipimo kimoja. Mandelbrot mwaka 1967 alieleza kuwa pwani ya magharibi ya Uingereza ina D ya kama 1.25. Kwenye profaili ya mlima, yaani mchoro wa kimo kwa kufuata mstari mmoja, wima haukui sawa na mlalo. Vuta mchoro wako juu mara tano uhesabu tena: D itabadilika, na Meru iko pale pale.

Tumia variogramu, yaani mchoro wa jinsi tofauti za kimo zinavyokua kadiri umbali kati ya nukta unavyoongezeka. Kwanza ondoa mteremko mkuu. Kutoka Arusha mjini, kama mita 1,400, hadi kileleni, zaidi ya mita 4,500, mpando huo humeza mabonde na vijilima vyote na kuisukuma D kuelekea 1. Kisha chukua tofauti za kimo kwa hatua za mita 90, 180, 360, 720 na kuendelea, zipige kipeo cha pili, tafuta wastani wa kila hatua, chora logi kwa logi (umbali na wastani vyote kwa logariti). Mwinamo wa mstari gawa kwa mbili, hiyo ni H (kipeo cha Hurst). D ni 2 toa H. Mwinamo 1.4 unatoa D 1.3.

*Mbona usianzie mita 30, wakati data za SRTM (vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani) zina nukta kila mita 30? (Moshi)*

Kwa sababu nukta jirani zimelainishana, na hatua fupi hutoa D ndogo kuliko haki. Tena, ndani ya msitu wa Kilimanjaro rada ile ya Februari 2000 ilirudishwa zaidi na matawi kuliko udongo. Usipime miti ukaita ardhi.

*Uso wa ardhi kuwa na D ya 1.6 ni sawa? (Pasua, Moshi)*

Si sawa. Uso huwa kati ya 2 na 3; mstari wa profaili ndio huwa kati ya 1 na 2.

*Programu ipi ni bora?*

Yoyote, ukijua inapiga hesabu gani. Mnaliuliza kila mara, na jibu halijabadilika.

*R² yangu (jinsi nukta zinavyoukaribia mstari, 1 ikiwa kamili) ni 0.99 lakini msimamizi amekataa kazi. (Njiro, Arusha)*

Amefanya vyema. Karibu kila kinachoongezeka hunyooka kikichorwa logi kwa logi. Mstari wako umenyooka kuanzia mita ngapi hadi ngapi? Ukiishia mita 360, una nukta tatu tu. Hatua kubwa iwe walau mara kumi ya ndogo, heri mara mia. Bado naletewa D tupu, bila umbali wake, na zinaingizwa hata kwenye ripoti za maporomoko ya udongo, ambako watu wataamua wajenge wapi. Hilo ni hatari.

*Kati ya vilele vya Kilimanjaro, Mawenzi ina D kubwa kuliko Kibo. Inathibitisha kuwa ni ya zamani zaidi? (Kiboriloni, Moshi)*

Haithibitishi. Mawenzi ni ya zamani zaidi kweli, ila hilo limejulikana kwa kupima umri wa miamba. Wala D haisemi mabonde na miinuko ni mikubwa kiasi gani. Magenge ya Mawenzi na uwanja wa lava vinaweza kuwa na D moja, kimoja kikipanda mita mia na kingine nusu mita kwa hatua ile ile. Ukubwa huo husomwa kwenye kimo cha mstari wa variogramu, kwa hiyo andika namba zote mbili, pamoja na umbali uliotumia.