Barafu tele, lakini ni jangwa

SWALI: Kwenye ncha za dunia jua hukaa miezi sita bila kutua. Mbona basi kuna baridi kali hivyo? Na inakuwaje Antaktika iitwe jangwa ilhali imejaa barafu?

JIBU: Halitui, kweli, lakini pia halipandi. Hata siku ya kilele chake, jua la nchani huwa digrii 23.5 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga ambao, kama jua lingekuwa la utosi, ungeangukia mita 1 ya mraba, huko hutawanyika kwenye mita 2.5.

Wengi huishia hapo, nasi tunaona hawajamaliza. Mwishoni mwa Desemba, kwa kuwa jua huwaka saa 24, Ncha ya Kusini hupokea juu ya angahewa nishati nyingi kuliko ikweta kwa siku hiyo. Tatizo ni kwamba joto hilo halishikwi: theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, ilhali bahari isiyo na barafu hurudisha chini ya 10. Kisha huingia miezi ya giza, joto likitoka bila kuingia jingine.

Kaskazini kuna nafuu kidogo, maana chini ya barafu kuna bahari, na maji yake hayapoi kupita nyuzijoto 1.8 hivi chini ya sifuri. Kusini ni bara lililoinuka. Kituo cha utafiti cha Vostok, huko Antaktika, kiko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 21 Julai 1983 kilipima nyuzijoto 89.2 chini ya sifuri.

Ukavu nao ni mtoto wa baridi hiyo. Hewa ya nyuzijoto 30 huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri haifikishi hata gramu 0.2. Tena hewa baridi ni nzito, hivyo hushuka, na mawingu ya mvua huhitaji hewa inayopanda. Ndani ya bara, theluji ya mwaka mzima ikiyeyushwa aghalabu haifiki milimita 50, ilhali kipimo cha kawaida cha jangwa ni chini ya 250. Hata zile dhoruba za theluji mnazoziona kwenye picha, mara nyingi ni theluji ya zamani inayopeperushwa na upepo.

Barafu ni nyingi kwa sababu haiyeyuki, si kwa sababu theluji huanguka kwa wingi. Pale Dome C, mahali palipoinuka ndani ya Antaktika, watafiti walichimba zaidi ya kilomita 3 kwenda chini wakakuta barafu ya miaka 800,000 iliyopita.