Kila asubuhi kompyuta inarudi 2009

SWALI: Shikamoo mhariri, nina steshenari hapa Majengo, Dodoma, kila nikizima swichi ya ukutani usiku basi asubuhi kompyuta inasema ni 2009 na kurasa za intaneti zinagoma kufunguka, fundi anataka nipige Windows upya. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, hiyo ni betri ya saa imekufa, kale kadude kama sarafu kwenye mazabodi (ile bodi kuu ndani ya kompyuta) kameandikwa CR2032, volti 3. Chomoa umeme kwanza, kabanue taratibu, weka kapya maandishi yakiwa juu. Halafu kanda ya saa chagua Nairobi, UTC+3 (yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa), Dodoma hutaiona kwenye orodha lakini saa zetu ni zilezile. Kurasa zinagoma kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vinaangalia tarehe, na ikisoma 2009 vinaonekana havifai. Na ukikuta 8:00 asubuhi usiirudishe 2:00 jamani, ndiyo saa mbili yetu hiyo!