Ngome za Ulaya na vilima

Ngome nyingi za Ulaya za zama za kati zilijengwa juu ya vilima ili kumwona adui mapema na kumchosha kabla hajafika ukutani. Mfano mzuri ni Château Gaillard, Ufaransa, aliyoijenga Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1196 hadi 1198 juu ya genge la mto Seine. Pande nyingi ni poromoko tupu, hivyo adui alibaki na upande mmoja wa kusogezea mitambo ya kurushia mawe. Lakini kuwa juu pekee hakutoshi: mwamba wa Château Gaillard ni chokaa laini, askari wa Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa wakachimba chini ya ukuta, na Machi 1204 wakaiteka. Pia si zote zilikaa juu. Bodiam, Uingereza, ya mwaka 1385, iko bondeni, imezungukwa na maji.