Mama Gift, kahawa yako na Wajerumani

SWALI: Nipo Tukuyu. Kikundi chetu kinakaanga na kufungasha kahawa, na kwenye paketi tumeandika "Mama Gift", jina ninaloitwa mtaani. Mnunuzi wa Ujerumani kaipenda kahawa ila jina kalikataa, anasema lina maana mbaya. Mbona yule wa Uingereza hakusema kitu? Na tukiandika "Zawadi" tutakuwa salama?

JIBU: Ndaga fijo kwa swali, Mama Gift. Mnunuzi wako yuko sahihi kabisa. Kwa Kijerumani *Gift* ni sumu, ile ya chupa yenye fuvu. Simu ya dharura wanayopiga mtoto akinywa kitu kibaya wanaiita *Giftnotruf*. Na kwa kuwa *Mama* kwao ni mama vilevile, Mjerumani anasoma "Mama Sumu" kwenye kitu cha kunywa. Ingekuwa viatu, angecheka na kununua.

Yule wa Uingereza hakusema kitu kwa sababu kwake *gift* ni zawadi. Haya si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Ni neno moja, lenye shina la "kutoa". Kijerumani cha zamani nacho kilikuwa na *Gift* ya zawadi, na mabaki yake yapo kwenye *Mitgift*, mali anayopewa bibi harusi na wazazi wake aende nayo kwa mume. Dawa ndiyo iliyoligeuza. Wagiriki waliita kipimo cha dawa *dosis*, yaani kinachotolewa. Dozi yetu ya hospitali imetokea huko huko. Wajerumani wakaiga kwa neno lao: *Gift* ikawa anachopewa mgonjwa, kisha anachopewa mtu asiyetakiwa kupona. Zawadi ikatafutiwa neno jingine, *Geschenk*.

Waswidi, Wadenishi na Wanorwe kwao *gift* ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa (utani wake wameshauchosha wenyewe). Waholanzi wana *gift* ya zawadi na *gif* ya sumu. Tofauti ni herufi moja, nami nisingeijaribu kwenye kahawa.

"Zawadi" si neno la Kijerumani, hivyo huko linapita. Mpolandi atasikia kitu kama *zawada*, kikwazo, lakini huo ni ukaribu tu, usikunyime usingizi.

Kusajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni muhimu, ila huko wanaangalia kama jina linagongana na la mwingine, si linavyosikika Berlin. Hata kamusi haitoshi: inakupa neno moja moja, na ninyi mmeunganisha mawili. Mtumieni mtu aliyekulia nchi hiyo picha ya paketi nzima, msimweleze chochote, aisome kwa sauti na aseme anauziwa nini. Mkipata soko nchi ya Georgia mfanye hivyo hivyo, maana kule *mama* ni baba.

Lebo za "Mama Gift" msizitupe. Zimalizieni Mbeya na Dar, ambako kila mtu anaelewa kuwa Gift ni mwanao. Ila zisichanganywe kwenye katoni za nje.