Datsun 240Z ya marehemu mzee: ni ya milioni 8 au ya dola laki 3?

Pole kwa msiba, mkuu. Nimesoma mada yako mara mbili. Mzee kaacha Datsun 240Z, ile gari ya michezo ya Kijapani, ya 1972 bandani huko Machame, dalali wa mjini anatoa milioni 8 taslimu leo leo, na mjomba wenu kaona mtandaoni kwamba gari kama hiyo iliuzwa dola 310,000, basi hataki kusikia la mtu. Unauliza nani kasema kweli. Hakuna. Ila dalali anajua kwamba anadanganya, mjomba hajui, na hapo ndipo shida ya familia itakapoanzia.

Naongea hivi kwa sababu kwetu mjomba nilikuwa mimi.

Baba yangu mdogo alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na miaka ya sabini alinunua 240Z kwa meneja mmoja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Rangi ya chungwa. Sisi watoto tulikuwa tunagombania kukaa kile kiti cha kushoto, maana gari ni ya watu wawili tu. Alipofariki ilikuwa imesimama miaka 14, imefunikwa turubai, kuku wanatagia ndani. Mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye bando, nikaingia mtandaoni, nikakutana na hiyo hiyo habari ya dola 310,000. Nikapunguza nusu "kwa tahadhari", nikawaambia ndugu kwenye kikao: hapa tuna dola laki moja na nusu. Mkuu, kabla hata ya kuosha gari, watu walishagawana viwanja.

Ile ya dola 310,000 ni kweli, iliuzwa Januari 2020 kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer, Marekani. Ni ya 1971, imetembea maili elfu 21 hivi tangu itoke kiwandani, na wazabuni wawili waliitaka kufa na kupona. Hiyo si bei ya 240Z, hiyo ni bei ya gari moja siku moja. Na 240Z si gari adimu kiasi hicho: zilitengenezwa zaidi ya 150,000, nyingi zikaenda Marekani, ambako 1970 ikiwa mpya dukani ilikuwa dola 3,526. Kwa hiyo mnunuzi hababaiki na jina, anajua akiikosa yako atapata nyingine. Anachotafuta ni hali.

Mjomba akizidi kuchimba atakutana na Fairlady Z432, toleo maalumu la gari hii hii huko Japani, lenye mabei ya kutisha. Mwambie zile zina injini ya S20 kutoka Skyline GT-R, gari nyingine ya Nissan ya mwendo kasi, na zilitoka kama 420 tu. Haziwahusu.

Sasa anza na namba ya chesisi. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona namba imegongwa kwenye bati lenyewe. Gari za Marekani zinaanza na HLS30, hiyo L ni usukani wa kushoto. Za huku kwetu, Uingereza na Australia ni HS30. Ukikuta RS30 basi hiyo ni 260Z, toleo lililofuata la 1974, na ukikuta GRS30 ni 260Z ya viti vinne, ndefu kidogo, bei yake iko chini kabisa ya ndugu zake. Nimeshaona mtu kabandika nembo ya 240Z kwenye gari ya viti vinne na akaitangaza hivyo bila haya.

Pembeni, chini ya boneti hiyo hiyo, kuna kibati chenye namba ya chesisi na namba ya injini. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, inaanza na L24. Hapa ndipo mimi nilipoumia. Niliona L24 nikashangilia, nikapiga picha, nikatuma. Mnunuzi akauliza tarakimu zinazofuata. Kumbe zilikuwa hazifanani na za kwenye kibati. L24 hiyo hiyo ilifungwa pia kwenye Datsun 240C, ile Cedric ya waheshimiwa, na ya kwetu ilitolewa huko baada ya injini ya asili kupasuka sijui mwaka gani. Baba mdogo hakuwahi kusema, na kwake halikuwa jambo: gari ilikuwa inatembea. Kwa mkusanyaji ni jambo kubwa, anakata elfu kadhaa za dola papo hapo bila kupandisha sauti.

Halafu kutu, na hapa nenda taratibu maana pesa yote ya gari hii iko kwenye bati. Injini inafungwa upya, kabureta zinasafishwa, spea mpya zinapatikana mpaka leo. Bati likioza unalipa mtu akukatie na kukuchomelea kwa saa, na Ulaya saa ya fundi bodi si sawa na ya huku. Tafuta sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini ili isikwaruze, uipitishe chini nyuma ya milango, kwenye matao ya tairi za nyuma, na chini ya taa za nyuma. Inaposhika ni bati. Inapoteleza kama iko kwenye ubao, pale kuna puti. Toa betri, angalia sinia yake na reli iliyo chini (kile chuma kirefu kinachobeba sakafu), maana maji ya betri yamekuwa yakidondokea hapo miaka 50. Toa gurudumu la akiba, angalia shimo lake. Nyanyua kapeti.

Yule Mwingereza aliyekuja kuona ya kwetu hakuangalia rangi hata dakika mbili. Alivua shati, akalala chini kwenye kipande cha boksi na tochi mdomoni, akawa anagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Ti, ti, ti, halafu du. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo tu upande wa dereva, ikazama mpaka kwenye mpini. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Hakuna aliyesema kitu. Upepo wa bahari ya Tanga ulikuwa umeshafanya kazi yake tangu zamani. Nyie wa mlimani hamna chumvi, ila mvua za Machame nazo nazijua, kwa hiyo usijipe moyo kabla hujanyanyua kapeti.

Naomba sana jambo moja: MSIPIGE RANGI. Sisi tulipiga. Fundi mmoja alichukua milioni 3 na nusu, akaweka nyekundu inayong'aa, akafunika kila kitu kwa puti, tukafurahi sana. Mnunuzi alipoona rangi mpya bei ilishuka, haikupanda, kwa sababu rangi mpya juu ya gari ya zamani inamfanya awaze kilichofichwa. Na ile chungwa ya kiwandani ilibaki tu nyuma ya dashibodi na ndani ya bawaba za milango, akaiona, akatikisa kichwa. Osha, kausha, acha mikwaruzo ya mzee ilipo. Dashibodi ikiwa imepasuka iache imepasuka, karibu zote zimepasuka kwa jua. Vitu vya asili vilivyotolewa (rimu, vifuniko vya magurudumu, redio, jeki, mfuko wa spana) vitafute stoo na kwa majirani, vina hela kuliko unavyodhani.

Mjomba kasema pia kwamba "ilikimbia Safari", yaani mashindano ya magari ya Safari Rally. Kila 240Z ya Afrika Mashariki ilikimbia Safari, ukisikiliza wenyewe. Historia ni hii: 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari kwa 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta naye kwenye 240Z. 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa 240Z, wakiwa wamelingana alama na Harry Källström wa Datsun nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Gari zile za kiwanda zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi, na ile iliyoshinda 1971 iko Japani kwenye ghala la makumbusho la Nissan. Sifa hiyo inaipandisha 240Z yoyote kidogo, hata ya Machame, ndiyo maana wazungu wanaipenda ya kutoka huku. Lakini kusema "yangu ilishiriki" bila karatasi ni sifuri. Karatasi maana yake orodha ya washiriki, picha ya wakati ule inayoonyesha namba ya usajili, stika ya ukaguzi, barua. Kama mzee alishiriki kama mtu binafsi, na wengi walishiriki hivyo, pekua maboksi yake. Picha moja tu inayosomeka namba inaweza kuongeza zaidi ya injini mpya.

Tuje kwenye hesabu. Usiangalie bei za matangazo, mtu anaweza kutangaza anavyoota. Angalia minada iliyokwisha, gari iliyouzwa kweli, ndani ya mwaka mmoja uliopita, kwa sababu bei zilipaa wakati wa korona kisha zikapoa. Chukua za usukani wa kulia tu, Uingereza na Australia. Soma na maoni ya chini, wale jamaa wakiona picha ya uvunguni hawana huruma. Mimi safari ya pili nilipata sita zinazofanana na ya kwetu, nikatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilizobaki zikazunguka dola 36,000 kwa gari nzuri inayotembea, siyo ya maonyesho.

Kutoka hapo unashuka, hupandi. Kazi ya bodi na sakafu, kwa bei za kwao, 12,000. Injini isiyo yake, 4,000. Viti, breki, tairi, mipira yote iliyokauka, 1,500. Kontena, bandari na usafiri, 4,000. Ikabaki 14,500, na bado mnunuzi anataka nafasi ya kupumua kwa kutu ambayo hajaiona. Yeye alianza na 11,000. Tukamalizana 13,200. Mnakumbuka kule kwenye kikao nilisema laki moja na nusu? Kuna shangazi mpaka leo anaamini tofauti ile niliila mimi.

Hesabu hizo si zako, namba zako zitatoka kwenye sumaku na bisibisi. Ila njia ni hiyo hiyo: bei ya nzuri iliyouzwa kweli, toa kila kitu kinachoifanya yako isiwe ile. Kama sakafu ni nzima na namba za injini zinafanana, unaweza kujikuta mara mbili ya tulichopata sisi. Kama imeoza reli, bado milioni 8 ni ndogo, maana hata vioo, taa, kabureta na vyuma vya ndani vinauzika kimoja kimoja.

Mnunuzi wa nje anajali kitu kingine ambacho dalali hatakwambia. Uingereza gari ya zaidi ya miaka 30 ikikubalika kama ya makusanyo inaingia bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20, ila iwe katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa. Ndiyo maana fundi akikushauri "tuweke injini ya Toyota 1JZ ipate nguvu", mfukuze. Hapa ndani soko lipo lakini ni dogo, watu wachache Arusha, Dar na Nairobi, na wanajuana wote. Ukimkatalia mmoja leo, kesho wote wanajua bei uliyokataa.

Karatasi: kadi ya gari iko kwa jina la marehemu, kwa hiyo bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama huna cha kuuza. Sisi tuliuza kwanza tukaenda mahakamani baadaye, mnunuzi akashikilia 3,000 miezi mitano mpaka karatasi zikatoka. Alikuwa na haki.

Kwa sasa mwambie dalali mnafikiria, na asiondoke na kibati kwa kisingizio cha "kwenda kukipima". Piga picha ya namba ya ukutani, kibati, bloku, sakafu bila kapeti, sinia ya betri na uvungu wote mchana kweupe, halafu tupia hapa. Ukikuta GRS30 niambie kabla hujamwambia mjomba.